Karatasi ya hospitali imeandikwa “50 Gy”: hii “gray” ni kijivu au ni kitu kingine?

Mjukuu wa Bangwe, Kigoma

Wanajamvi, salaam. Ninaomba msaada wa lugha, ingawa jambo lenyewe limeanzia hospitalini. Baba yangu mzazi, mzee wa miaka sabini na moja, alirejea Kigoma mwezi uliopita kutoka Dar es Salaam, ambako alitibiwa saratani ya koo la chakula kwa majuma matano. Alishuka kwenye gari moshi akiwa mnyonge lakini akitembea kwa miguu yake mwenyewe, na mkononi alishika bahasha ya kaki ambayo hakukubali mtu mwingine aibebe. Ndani yake mlikuwa na muhtasari wa matibabu, ukurasa mmoja wa Kiingereza, na katikati ya ukurasa huo mstari uliosema kwamba alipewa “50 Gy” katika vipindi 25.

Nyumbani kwetu Kiingereza ni cha kuungaunga. Mdogo wangu aliye kidato cha tatu alichukua simu akatafuta maana ya hizo herufi mbili, akaletewa neno “gray”. Akatafuta “gray” kwa Kiswahili, akaletewa “kijivu”. Basi akaandika pembeni mwa karatasi kwa penseli, “kijivu 50”, kisha akasimama mbele ya wazee na kusoma kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani kwamba baba amepewa kijivu hamsini. Shangazi aliuliza kijivu ni dawa gani, na kabla hajajibiwa akaangua kilio, kwa sababu yeye alikuwa amekwisha kuelewa kwamba koo la kaka yake limeunguzwa hadi nusu yake imegeuka majivu. Ilituchukua jioni nzima kumtuliza, na hadi leo hanywi chai na baba bila kumtazama shingoni.

Baba naye ana la kwake. Anasema mashine ile hakuisikia kabisa, haikuwa na moto wala haikuuma, na ni kuanzia juma la tatu tu ndipo kumeza mate kulipokuwa kama kumeza mchanga. Kwa hiyo anauliza, kama hawakumchoma, hizo hamsini ni hamsini za nini?

Nilijaribu kuchunguza mwenyewe nikapotea zaidi, maana neno hilohilo nimelikuta kwenye kopo la rangi, kwenye pakiti ya majani ya chai, kwenye kitabu cha viungo vya mwili na kwenye daftari la kompyuta la mdogo wangu. Naomba wenye ujuzi wanieleze, kwanza, mstari ule wa hospitali unasema nini. Na pili, “gray” ina maana ngapi, na ni zipi kati ya hizo ambazo kwa Kiswahili ni kijivu kweli.

Mhudumu wa Mionzi, Tabora

Ndugu yangu wa Bangwe, pole kwa kuuguza, na mfikishie mzee shikamoo yangu. Nilifanya kazi katika chumba cha tiba ya mionzi kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani Tabora, na nakuhakikishia kwamba mstari ule hausemi lolote juu ya rangi wala juu ya majivu. “Gy” ni alama ya kipimo kiitwacho grei, kama vile “kg” ilivyo alama ya kilo. Kinachopimwa ni nishati ya mionzi ambayo mwili umeinyonya: mionzi ikiacha jouli moja ya nishati ndani ya kilo moja ya nyama, tunasema nyama hiyo imepata grei moja. Mzee alipata grei 50 zilizogawanywa katika vipindi 25, yaani grei mbili kwa kila siku ya kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, na hesabu hiyo ndiyo iliyomweka Dar es Salaam majuma matano.

Mzee anasema kweli kwamba hakusikia moto, na hesabu inamuunga mkono. Ili upashe kilo moja ya maji joto lipande kwa digrii moja tu, unahitaji jouli zipatazo 4,200. Grei 50 ni jouli 50 kwa kilo, kwa hiyo hata kama angepewa zote kwa mkupuo mmoja, joto la sehemu ile lingepanda kwa takriban sehemu moja ya mia ya digrii. Kikombe cha chai anachokunywa na shangazi kinaingiza joto kubwa zaidi kooni kuliko majuma yote matano ya mashine. Mionzi haifanyi kazi yake kwa kuunguza kama jiko. Hugonga atomu zilizo ndani ya seli, ikang'oa elektroni, na uharibifu unaotokea kwenye vinasaba vya seli huifanya ishindwe kugawanyika. Seli za saratani hugawanyika ovyo, na hapo ndipo zinapokwama. Utando laini wa koo nao una seli zinazozaliwa upya haraka, na ndiyo sababu ule mchanga alioumeza ulianza juma la tatu na si siku ya kwanza.

Sababu ya kugawanya dozi ni kwamba seli nzima, zikipewa saa kadhaa za kupumua, hujikarabati vizuri kuliko seli za uvimbe. Hapa naomba niweke onyo, kwa sababu nimewahi kusikia watu wakilinganisha namba za mionzi kama wanavyolinganisha bei sokoni. Grei 50 alizopata mzee zililenga eneo dogo na zilitolewa kidogo kidogo. Mtu akipigwa grei nne au tano mwili mzima kwa wakati mmoja, bila matibabu, uwezekano wa kupona na kufa ni kama nusu kwa nusu. Namba ni ya kila kilo ya nyama iliyopigwa, kwa hiyo haina maana mpaka ujue ni nyama ipi na kwa muda gani. Na ukikuta karatasi nyingine imeandikwa sentigrei 5,000, usishtuke, ni dozi ileile. Wakongwe kazini watakwambia radi 5,000, kwa sababu radi mia za kipimo cha zamani ni sawa na grei moja.

Jina limetokana na mtu. Louis Harold Gray, aliyezaliwa mwaka 1905 na kufariki mwaka 1965, alikuwa mwanafizikia Mwingereza aliyeacha maabara ya atomu akaenda kufanya kazi hospitalini, akitafuta namna ya kupima kile ambacho mionzi inafanya ndani ya kiumbe hai. Mwaka 1953 yeye na wenzake walieleza jinsi seli zilizopungukiwa oksijeni zinavyohimili mionzi kuliko seli zenye oksijeni ya kutosha, jambo linalotusumbua mpaka leo, kwa sababu katikati ya uvimbe mkubwa hewa huwa haba. Kipimo kilipewa jina lake mwaka 1975, miaka kumi baada ya kifo chake.

Wapo wenzangu kazini wanaotaka tuendelee kuandika “gray” hata katika Kiswahili. Mimi naandika grei, na alama ya Gy naiacha kama ilivyo. Tunanunua balbu ya wati 60 na betri ya volti 12 bila kumkumbuka James Watt wala Alessandro Volta, na hakuna aliyewahi kudhani kwamba wati ni aina ya wadudu.

Mwalimu Mstaafu, Tabora

Mhudumu amelimaliza la kwanza, nami nachukua la pili, kwa kuwa nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na mitatu na neno hili limenisumbua karibu miaka yote hiyo.

Tuanze na umbo lake. Kiswahili kina sifa tatu tu za rangi zinazokubali viambishi vya ngeli moja kwa moja: -eupe, -eusi na -ekundu. Tunasema shati jeusi, mashati meusi, kitambaa cheusi. Rangi nyingine zote tumeziazima kwa vitu, tukaziunganisha kwa -a. Kijani ni rangi ya jani, manjano ni ile bizari ya kutia mchuzi rangi, zambarau na chungwa ni matunda, samawati ni ya mbinguni, na ile tuitayo damu ya mzee sihitaji kuieleza. Kijivu kimo humohumo: ni jivu lililopewa ki-, kwa hiyo shati la kijivu, mashati ya kijivu, na kamwe si “shati jijivu”, ingawa nimelisahihisha kosa hilo kwenye daftari zaidi ya mara moja. Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay walilinganisha lugha 98 wakadai kwamba lugha hupata majina ya rangi kwa mpangilio, kwanza nyeusi na nyeupe, kisha nyekundu, na kijivu kikiwa miongoni mwa za mwisho kabisa. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba kijivu hujipenyeza mapema katika baadhi ya lugha, lakini zile tatu za mwanzo zinalingana na sifa zetu tatu kiasi cha kumfanya mwalimu wa sarufi atabasamu.

Sasa, Mwingereza huitumia “gray” moja mahali ambapo sisi tuna maneno kadhaa yasiyofanana hata kidogo. Nywele zake zikiwa “gray”, sisi tunasema ana mvi, na mvi si jina la rangi bali ni jina la kitu. Zinaota, zinamea, zinamtoka mtu, zinajaa kichwani. Mwanafunzi anayeniandikia kwamba babu yake ana “nywele za kijivu” ananionyesha mara moja kwamba alianza sentensi yake kwa lugha nyingine. Tena ukiuchukua unywele mmoja wa mzee ukauweka kwenye kiganja, mara nyingi utauona mweupe kabisa, kwa sababu umekosa ile rangi asilia ya mwili. Weupe na weusi vikichanganyika kichwani ndivyo vinavyofanya kijivu kionekane kwa mbali. Wafugaji wa farasi wa Ulaya wana jambo linalokaribiana na hilo: farasi anayezaliwa na rangi nzito kisha akawa mweupe kadiri anavyozeeka humwita “gray” hata akiwa mweupe kama maziwa, maana ngozi iliyo chini ya manyoya bado ni nyeusi. Kama tungekuwa na farasi wengi huku Unyamwezini, nadhani tungesema tu kwamba farasi ameota mvi.

Siku ikiwa “gray”, sisi tunasema kumetanda, au kumefunga, au kuna utusitusi. Neno hili la utusitusi nalipenda na nasikitika kwamba linasahauliwa. Ninyi wa Kigoma mnalijua kwa macho hata kama hamlitamki: miezi ile ya kiangazi moshi wa kuchoma nyika unapojaa hewani, unasimama ufukweni asubuhi na milima ya Kongo haipo, ziwa na mbingu vimekuwa kitu kimoja, na mtumbwi unaotoka kuvua dagaa unauona kama unaelea hewani. Ukisema hapo kwamba ziwa ni la kijivu hujakosea, lakini umesema rangi tu, hujasema kutoonekana.

Jambo la tatu ni lile linaloniudhi. Siku hizi nasoma katika makala na hata katika nyaraka za kikazi kwamba sheria fulani ina “eneo la kijivu”. Msomaji wa Urambo au wa Kasulu ataelewa nini? Kwa Mwingereza kijivu kiko kati ya nyeusi na nyeupe, basi ni mahali pasipo na uamuzi. Kwetu kijivu ni jivu, na jivu lina maana yake tayari: moto huzaa jivu, tunasema, pale mtoto wa mtu hodari anapotoka goigoi. Jivu ni kilichobaki baada ya kazi kwisha. Shangazi yako hakuwa mjinga hata kidogo alipolia. Aliisikia lugha yake inavyosema. Kwa hilo “eneo” tunayo maneno ya kutosha: utata, jambo lisilo wazi, sheria imenyamaza. Vivyo hivyo “soko la kijivu”, ambalo wengine hulitafsiri kuwa magendo na kukosea mara mbili, kwa sababu bidhaa zake huwa ni halisi na mara nyingi zimeingia kihalali, ila zimeuzwa nje ya mikono ya wakala aliyeidhinishwa na kiwanda. Nadhani bidhaa zisizopitia kwa wakala yatosha.

Fundi Rangi wa Mwanga, Kigoma

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma kwa makini, nami nakubaliana nawe kuhusu mvi, lakini kuhusu kijivu chenyewe naomba niongeze kutoka kwenye ndoo, kwa sababu kwangu neno hili moja halitoshi kuuza hata lita nne za rangi.

Mteja akiniambia anataka ukuta wa kijivu, simchanganyii kitu mpaka anionyeshe kijivu chake. Mmoja anamaanisha simenti iliyokauka, ambayo ina ukijani kwa mbali. Na kwa taarifa yenu simenti hupata rangi hiyo hasa kwa sababu ya chuma kilichomo katika malighafi, ndiyo maana simenti nyeupe hutengenezwa kwa malighafi yenye chuma kidogo sana. Mwingine anamaanisha bati jipya. Wa tatu anamaanisha manyoya ya kasuku, yule mwenye mkia mwekundu, ambaye wazee wetu waliwahi kumfuga na ambaye biashara yake ya kimataifa sasa imepigwa marufuku kwa wale wanaokamatwa porini. Na ukiwauliza akina mama kijivu ni kipi, wataelekeza jikoni, ambako nako majivu hayafanani: ya mkaa uliowaka ukaisha ni meupe karibu kama unga, na ya kuni mbichi zilizozimikazimika yana weusi ndani yake.

Mafundi wachanga huchukua rangi nyeupe, wakatia nyeusi kidogo, wakadhani wamemaliza. Kijivu cha namna hiyo, kikipakwa kwenye chumba chenye dirisha dogo, huwa na ubluu wa baridi, na mteja atakurudia kesho yake akisema hakuagiza bluu. Dawa yake ni kudondoshea manjano iliyopauka na chembe ya nyekundu ya udongo, kijiko kwa ndoo, huku ukikoroga na kupaka kwenye kipande cha ubao na kukianika juani, kwa sababu rangi ya maji hukolea inapokauka na kile unachokiona ndani ya ndoo siyo kitakachobaki ukutani. Nimepoteza ndoo mbili nzima nikijifunza hilo, nyumba ya mteja wa Katubuka, na mteja hakutaka hata kusikia habari za ubaridi wa kijivu.

Kwa hiyo Mwalimu, ninapowasikia vijana wanasema “kijivu cha simenti”, “kijivu bati”, “kijivu kasuku”, mimi sioni kosa. Lugha inafanya vilevile ilivyofanya na jani na jivu, inachukua kitu kilicho karibu.

Mwalimu Mstaafu, Tabora

Marahaba, Fundi. Hapo hatugombani. “Kijivu kasuku” nakichukua, tena nitakiandika kwenye daftari langu.

Binti wa Ng'ambo, Tabora

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi nafundisha kompyuta, na nimeona muulizaji ametaja daftari la mdogo wake, pakiti ya chai na kitabu cha mwili, ambavyo bado havijajibiwa. Vyote vitatu ni majina ya watu, wala havihusiani na rangi.

Lile la daftarini bila shaka ni msimbo wa Gray, ulioitwa kwa jina la Frank Gray wa maabara za Bell nchini Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1953. Katika hesabu ya kawaida ya sufuri na moja, ukitoka moja kwenda mbili unatoka 01 kwenda 10, na tarakimu zote mbili zinabadilika kwa pamoja. Kama kifaa kinachosoma mzunguko wa mhimili kitasoma katikati ya mabadiliko hayo, tarakimu moja ikiwa imegeuka na nyingine bado, kitapata 00 au 11 na kudhani mhimili umeruka. Gray alizipanga hivi: 00, 01, 11, 10. Fuatisha kwa kidole utaona kwamba kila hatua hugeuza tarakimu moja tu, hata ukirudi mwanzo. Wanafunzi wangu huwa nawapanga wawili mbele ya darasa, aliyesimama ni moja na aliyechuchumaa ni sufuri, na huwa wanalielewa kwa miguu kabla ya kulielewa kwa kalamu.

Kitabu cha mwili ni cha Henry Gray, daktari wa London aliyekitoa mwaka 1858 na kufa kwa ndui mwaka 1861, akiwa na miaka thelathini na minne tu. Hapo kuna mtego, kwa sababu ndani ya kitabu cha Gray ubongo nao una sehemu iitwayo “gray”, na hiyo sasa ni rangi kweli: ni tabaka lenye miili ya seli za neva, tofauti na sehemu nyeupe yenye nyuzi zilizofunikwa kwa mafuta. Hata hivyo kijivu hicho huonekana vizuri kwenye ubongo uliohifadhiwa maabara. Ndani ya mtu aliye hai damu huutia wekundu wekundu.

Chai inaandikwa kwa herufi e, Grey, kwa sababu imeitwa kwa jina la Charles Grey, waziri mkuu wa Uingereza kuanzia 1830 hadi 1834, na harufu yake inatokana na mafuta ya tunda liitwalo bagamoti, jamii ya machungwa. Serikali yake ndiyo iliyopitisha mwaka 1833 sheria ya kukomesha utumwa katika sehemu kubwa ya milki ya Uingereza, jambo ambalo mtu wa Ujiji akilisoma atakumbuka kwamba misafara ya watumwa iliendelea kupita Tabora kuelekea pwani kwa miongo mingi baadaye. Na kwa kuwa tumefika pwani, Sir John Gray, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar enzi za ukoloni na kuandika sana historia ya huko, naye ni Gray wa herufi a.

Tofauti hiyo ya herufi ina faida. Rangi huandikwa “grey” na Waingereza na “gray” na Wamarekani, wote wako sahihi. Majina ya watu hayabadiliki kwa kuvuka bahari, kwa hiyo kipimo cha mionzi ni “gray” hata London. Mdogo wako akiona imeandikwa kwa e, ajue kwamba huenda ni rangi au ni chai, lakini si dozi.

Mjukuu wa Bangwe, Kigoma

Nawashukuruni nyote kwa moyo wote, wazazi wangu na dada yangu wa Tabora. Jana baada ya magharibi niliyasoma majibu haya kwa sauti pale sebuleni. Nilipofika kwenye kikombe cha chai kinachopita mashine kwa joto, baba alicheka, na ni mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu arudi. Shangazi alinitaka nirudie sehemu ya Mwalimu inayosema kwamba yeye si mjinga, nami nikairudia mara mbili. Mdogo wangu amefuta maneno yake ya penseli na kuandika “grei 50, mbili kila siku”, ingawa alama ya kifutio bado inaonekana, na baba amemwambia aiache hivyohivyo.

Limebaki swali moja, na nimetumwa na baba mwenyewe nilifikishe kwa Mhudumu. Anasema, mtu akipewa kitu huwa anacho. Kama amepewa grei hamsini, basi ziko wapi sasa? Tangu arudi hampakati mjukuu wake wa miaka miwili, anamsalimia kwa mbali akiogopa zisije zikamwambukiza. Sisi tulidhani ni uchovu tu wa maradhi, kumbe alikuwa anatukinga.

Mhudumu wa Mionzi, Tabora

Mwambie mzee swali lake ni zuri na kosa ni letu sisi tunaosema “amepewa”. Tungesema amepigwa mionzi ya grei 50 asingepata hofu hiyo. Mashine aliyolala chini yake hutuma mionzi kutoka nje, na ikizimwa mionzi imekwisha, kama vile chumba hakibaki na mwanga baada ya kuzima taa. Nishati ile iligeuka kuwa kazi ndani ya seli siku ileile na kuwa joto kidogo ambalo hata kipimajoto kisingeliona. Hakuna grei hata moja iliyobaki mwilini mwake wala kwenye nguo, mate au jasho lake. Iko tiba nyingine ambayo mgonjwa huwekewa au hunyweshwa dawa yenye mionzi, na huyo ndiye hupewa masharti ya kukaa mbali na watoto kwa muda, lakini vipindi 25 vya grei mbili mbili chini ya mashine si tiba hiyo. Kuhusu kumeza na lishe afuate aliyoelekezwa na daktari wake. Kuhusu mjukuu, ampakate leo hii.